Binti yangu, game ya kadi, na mtu aliyejiita Mke Mkubwa

Mbukwenyi wakuu.

Hiyo ni salamu ya kwetu Dodoma, itikieni tu mtakavyoweza.

Ninachosimulia kimetokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Nzuguni, na sijaongeza chumvi hata punje. Mke wangu ni member humu. Nikidanganya ataniumbua kwenye comment ya kwanza.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aende jukwaa la siasa.

Iko hivi. Nina binti anaitwa Nyemo, yuko darasa la tano. Mpole, anapenda hesabu, na wageni wakija anasalimia halafu anapotea. Mwaka huu nikaanza kuona akirudi shule anavua viatu, anasema shikamoo baba, anakimbilia tablet. Anakaa karibu na dirisha, anacheka peke yake, mara anapiga paja, mara utamsikia, "Aah, kaniweza!"

Nikamuuliza mama yake, huyu anacheza nini kila siku?

Akanijibu bila kuinua macho, "Game ya kadi."

Wakuu, neno kadi lilinigusa pabaya.

Ngoja niwape historia kidogo, mtanielewa. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Kongwa. Enzi zake alikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa kwa wakati mmoja, sasa jumlisha mwenyewe. Kwa mzee, karata ni vitu vya wahuni wa stendi. Siku moja alinifuma nyuma ya stoo ya karanga nacheza last card na wenzangu. Wenzangu walikimbia. Mimi nilikuwa na karata nzuri, nikachelewa kuinuka. Alizichoma zote jikoni mbele ya macho yangu, kisha akanigeukia mimi. Mpaka leo nikiona karata ya shupaza mkono unaenda wenyewe kuziba makalio.

Kwa hiyo niliposikia mwanangu anacheza kadi nikasema hapana, huyu adui lazima nimjue. Nikaidownload kwenye simu yangu. Jina la game sitalitaja, moderators wasije wakasema natangaza biashara.

Kwa msiojua: kila mchezaji anachagua kadi zake chache za kuingia nazo. Kila kadi ni mnyama au askari. Kuna tembo, ana nguvu balaa lakini mwendo wake ni wa foleni ya kitambulisho cha NIDA. Kuna nyuki, dhaifu lakini wanakuja kundi. Kuna kobe wa kuziba njia. Unamburuta kwa kidole unamweka uwanjani, mwenzako naye anaweka wake, mnavunjiana ngome. Mechi ni ya dakika chache tu. Ukishinda unaongezwa nyota, ukishindwa unapokonywa. Nyota zikijaa unapanda ligi, na kila ligi ina wababe wake.

Nikajiangalia. Mtu mzima, mtumishi wa umma, nasimamia watu ofisini pale Mtumba, mji wa serikali. Nikasema hawa watoto leo nitawanyoosha.

Mechi ya kwanza nikatoa tembo. Mpinzani katoa nyuki. Tembo wangu kaliwa akiwa bado anatafuta njia.

Halafu nikaletewa kuku.

Sijui nani alibuni yule kuku. Ukishinda unaweza kumtumia mwenzako picha ya kuku anayecheka mpaka anaanguka chali. Hatukanwi mtu, ni kuku tu, lakini yule kuku anauma kuliko tusi. Nikaomba mechi nyingine. Kuku. Nyingine tena. Kuku. Kuna mtoto mmoja sijui yuko nchi gani, jina lake limejaa alama za maua, alinifunga nikiwa sijatoa hata kadi ya pili. Nilikasirika nikaenda kumwagilia mchicha.

Nyemo akanichungulia begani. "Baba, tembo hatolewi wa kwanza. Subiri nyuki wake waishe."

Nikamwambia nilikuwa namtega. Akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Sasa kama mzazi, tuongee ukweli. Game ile sio mbaya kama nilivyotaka iwe mbaya. Niliingia nikitafuta sababu ya kuipiga marufuku nikakuta mtoto anajifunza kusubiri, anakadiria mwenzake kabakiwa na nini, na anashindwa halafu anaanza upya bila kususa. Mimi mwenyewe hilo la mwisho limenishinda, mchicha wangu ni shahidi.

Ila ina mitego. Kuna sanduku la zawadi, linakuja limefungwa, linakuambia subiri au ulipie lifunguke sasa hivi. Huo ni mtego wa panya, nikaweka password kwenye malipo siku ile ile. Msimu ukikaribia kuisha mtoto anakuwa na wasiwasi kama ana mtihani wa taifa. Na ndani yake kuna sehemu ya marafiki kuandikiana ujumbe.

Hapo kwenye ujumbe ndipo palipoleta kizaazaa.

Lakini kwanza turudi Kongwa, maana bila Kongwa hamtaelewa.

Mzee alipata kiharusi mwaka jana. Mungu mkubwa, miguu ilirudi. Ulimi nao ulirudi, tena wenyewe ulitangulia. Mkono wa kulia ndio uligoma. Mtaalamu wa mazoezi akatuambia wazi kwamba mkono huu ukifanyishwa kazi kila siku unaweza kurudi, ukiachwa utakauka hivyo hivyo. Akampa kimpira cha kubonyeza. Mzee akakirusha kwa mbuzi. "Mimi si mtoto wa kuchezea mpira."

Na wala shida yake haikuwa kula au kuvaa. Shida ilikuwa salamu.

Mwalimu yule nusu ya Kongwa amewafundisha yeye, na nusu nyingine amewafundisha wazazi wao. Akikaa barazani kila apitaye anakuja kumpa mkono. Sasa yeye kumpa mtu mkono wa kushoto? Mzee aliyetuchapa sisi kwa kupokea kitu kwa kushoto? Akaona bora asionekane. Akaacha kukaa barazani. Akaacha kanisa. Wageni wakija anajifanya amelala, na mama anabaki kuwadanganya mlangoni kwamba dawa zinamlewesha.

Mama akinisimulia hayo kwenye simu sauti inamshuka. Tulimbembeleza mzee, tukamtuma mchungaji, tukamtuma daktari. Wapi. Niliogopa wakuu, niseme tu. Nilimwona baba yangu anajizika huku anapumua.

Likizo iliyopita Nyemo akaenda kukaa kwa babu na bibi yake. Mke wangu akampa apeleke simu yake ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka kona, ili mama awe anapiga video call. Mtoto akarudi ana furaha, kanenepa kwa maziwa, maisha yakaendelea.

Sasa siku ya tukio. Jumamosi, Nyemo kaenda mazoezi ya kwaya ya watoto. Mke wangu yuko semina Morogoro. Mimi niko sebuleni na chai yangu. Tablet ikalia.

Nikachungulia. Ujumbe kutoka ndani ya game. Mwandishi anajiita MkeMkubwa, picha yake simba kavaa miwani.

"Mke mwenza mbona kimya leo. Mume wetu anakungoja."

Nikaweka kikombe chini.

Nikapanda juu kusoma za nyuma. "Mume wetu amekataa uji mpaka mcheze kwanza." Nyingine: "Jana ulimfurahisha sana mume wetu amelala anacheka." Na nyingine, hii ndiyo ilinimaliza: "Baba yako asijue."

Wakuu, nilisikia masikio yanapiga kelele. Mnajua tunavyosikia habari za watu wabaya wanaojificha kwenye mitandao ya watoto. Nikasema wameshafika Nzuguni, wameshaingia kwangu. Nikapiga picha zile message zote. Nikamblock MkeMkubwa. Nikafuta game. Kisha nikafunga geti, kama vile angekuja kwa miguu.

Nyemo aliporudi nikamkalisha. Nilijitahidi sauti iwe ya upole, nadhani ilitoka kama ya mahakamani.

"Mke Mkubwa ni nani?"

Mtoto akabadilika sura. "Ni rafiki."

"Rafiki wa wapi?"

"Nimeahidi sitasema."

"Umemwahidi nani?"

"Yeye mwenyewe."

Nyie! Mtu mzima kamwapisha mtoto wangu asiniambie mimi baba yake. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nyemo akaanza kulia, akagoma kula. Kitu pekee alichosema ni hiki: "Baba, naomba nimwambie tu kwamba sijamkasirikia."

Nikajua basi, kashatekwa akili.

Nikampigia mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Baba Nyemo, usimfokee mtoto. Kesho narudi, niachie nitaongea naye." Nikakubali, lakini moyoni nilishapanga Jumatatu asubuhi niko polisi, dawati la jinsia na watoto, na picha zangu.

Jumapili tumetoka kanisani, niko naunga mboga, simu ikaita. Mama, kutoka Kongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko na mke mwenzangu hapo? Nipe niongee naye."

Mwiko ulinidondoka.

Wakuu, mimi ni Mgogo wa kuzaliwa. Nimekua namsikia bibi yangu akiwaita dada zangu wake wenza, akiwatishia kuwafukuza nyumbani kwa babu, nao wakimjibu kwamba yeye ndiye amezeeka aondoke. Ni utani wetu wa siku zote, bibi na mjukuu wake wa kike wanamgombania babu. Mama yangu na Nyemo wanaitana hivyo tangu mtoto ana meno mawili. Ningesikia kwa sauti yake ningecheka tu. Lakini yameandikwa kwenye kioo, na jina lisilojulikana, na simba wa miwani, akili haikunipeleka huko hata nusu.

"Mama, wewe ndiye Mke Mkubwa?"

Akauliza taratibu, "Nani kakwambia?"

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Wewe umefanya nini tangu jana? Mume wetu kageukia ukutani. Anasema mke mdogo kamwacha. Uji hataki, simu hataki kuishika."

"Kwani mzee ndiye anayecheza?"

"Sasa ni mimi? Mimi namwandikia tu. Kidole cha kuandika changu, kidole cha kuburuta kadi chake."

"Kidole kipi?"

"Cha ule mkono," akasema mama.

Nilikaa chini pale pale jikoni. Mboga iliungua, sikuisikia.

Nikamwita Nyemo nikamwambia bibi kashasema, sasa na wewe sema. Akapumua kama mtu aliyetua ndoo. Kumbe kule likizo alikuwa anacheza, babu akawa anachungulia, anamwelekeza kwa mdomo, weka kobe, weka kobe. Nyemo akamwambia babu cheza mwenyewe. Mzee akataka kutumia kushoto. Nyemo akatunga sheria hapo hapo: mechi ya mkono wa kushoto haihesabiwi. Refa ni bibi.

Na mzee hapendi kushindwa, hilo nalijua vizuri. Akaanza kuburuta kadi kwa dole gumba la kulia. Mwanzoni kadi moja inamchukua mechi nzima, analetewa kuku. Kuku yule aliyenitoa mimi nje kumwagilia mchicha ndiye aliyemfanya mzee arudi kila siku. Daktari kashindwa, mchungaji kashindwa, kuku kaweza.

"Sasa kwa nini nisijue?" nikamuuliza.

"Babu alisema utamcheka. Kwa sababu ya zile karata alizochoma."

Nikawasha gari. Mchana ule ule, njaa na yote.

Tukapita Chamwino, pale Mbande tukamkuta mke wangu ameshuka kwenye basi la Morogoro, nilikuwa nimemwambia atusubiri. Akaingia, nikamweleza. Alicheka kutoka Mbande mpaka Kongwa. Akinyamaza kidogo anatoa simu, anasoma zile picha za message nilizomtumia, anaanza upya. "Dawati la jinsia! Ungempeleka mama mkwe wangu dawati la jinsia!" Hata Nyemo naye akacheka, nikashukuru Mungu maana tangu jana yake alikuwa hanitazami.

Tulipofika mzee yuko chumbani, kageukia ukutani kweli. Mimi nikabaki nyuma ya pazia. Nyemo akaingia.

"Babu, shikamoo. Ni baba aliyekufuta, sio mimi."

Asante mwanangu kwa kunitetea.

Mzee akageuka polepole. Nyemo alikuwa ameshairudisha game njiani kwa simu ya mama yake, kila kitu chake kipo, kaitoa na block niliyoweka. Mama akaleta mto akamwekea mzee mapajani, juu ya mto akaweka ile simu ya kioo kilichopasuka. Akauinua ule mkono wa kulia akauweka juu yake, akauacha.

Nikaona dole gumba linatetemeka. Likashuka. Likagusa kadi, likaanza kuiburuta, taratibu, taratibu, mzee kang'ata mdomo, jasho linamtoka. Kadi ikafika uwanjani. Kisha dole likarudi lenyewe kufuata nyingine, na vidole vile vingine vikajikunja kuishikilia simu isiteleze.

Mkono niliouona mara ya mwisho umelala kama kitambaa.

Nilitaka kujikaza nikashindwa, nikavuta kamasi. Mzee akaniona.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Hii si karata. Haya ni mazoezi."

"Ndiyo baba."

"Karata zina shupaza. Hizi zina tembo."

"Ndiyo baba."

"Na usicheke."

Sikuwa nacheka wakuu. Nilikuwa nalia kama mtoto, na mama ananiambia nipishe mwanga.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Nyemo alishinda mechi mbili, babu akashinda moja akamtumia kuku, na kwa jinsi alivyomchagua yule kuku kwa uangalifu nikajua hii ndiyo sehemu anayoipenda kuliko zote. Jua lilipoanza kushuka nikaaga.

"Baba, sisi twende."

Mzee akainuka. Nilidhani anaenda kitandani. Akapita, akatoka mpaka barazani, palepale anapoonekana na kila mpita njia. Akasimama akanyoosha mkono. Wa kulia. Haukufika juu, uliishia usawa wa kiuno. Nikainama nikaupokea kwa mikono miwili. Vidole vikajifunga juu ya vyangu. Havikuwa na nguvu, lakini vilijifunga vyenyewe.

Kisha akaniachia, mkono ukapanda kwa shida, ukatafuta, ukalipata sikio langu.

"Hii ni ya jana," akasema. "Usirudie kunifuta."

Akalivuta. Mke wangu na mwanangu wanatazama, jirani na punda wake wanatazama, mtu mzima mimi navutwa sikio barazani. Ningeweza kujitoa kirahisi tu. Niliinama zaidi ili asichoke kulifikia.

Sasa somo nililopata, wakuu. Sikukosea kuogopa, na bado nasema kagueni watoto wenu wanacheza na nani humo ndani ya simu. Nikikuta tena "baba yako asijue" bado nitafunga geti. Nimekaa na Nyemo tukakubaliana kwamba siri ya kuwaficha baba na mama haipo, hata ikitoka kwa babu, na babu mwenyewe kaambiwa na bibi mbele yetu, akanuna. Nilipokosea ni kufuta kabla ya kuuliza, na kuuliza kwa sauti iliyomfanya mtoto ajifunge zaidi. Na kama hujakaa ukacheza na mwanao hata mechi moja, hujui unachokipiga marufuku. Kaa uletewe kuku kwanza.

Nyie mnafanyaje na hizi game? Mnawawekea muda? Mnacheza nao? Nani humu naye kashawahi kumshuku mama yake mzazi, nisijione niko peke yangu? Na mwenye mbinu ya wale nyuki anisaidie, bado wananila tembo.

Mama kapiga simu leo, wiki chache tangu nivutwe sikio. Anasema jana ibada ya Kongwa ilichelewa kutawanyika, watu walipanga foleni juani. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, anampa kila mtu mkono.